Fedha za Umma kwa Waendelezaji Milki Binafsi: Kulinganisha Njia Nne Zilizo Mbele ya Dar es Salaam

Uchumi unapoyumba, waendelezaji milki, yaani wanaojenga nyumba za kuuza au kupangisha, huwa miongoni mwa watu wa kwanza kubisha hodi Hazina, na hoja yao si ya kubezwa. Ujenzi huajiri watu wengi kwa muda mfupi, kuanzia mhandisi hadi mama ntilie anayewapikia mafundi. Hununua saruji, nondo na mabati ambayo sehemu kubwa huzalishwa hapa hapa nchini. Na ukikamilika huacha kitu kitakachotumika kwa miongo mingi. Jiji nalo linazidi kufurika. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, kutoka 4,364,541 mwaka 2012, na wengi wao wanaishi kwenye maeneo yaliyojengwa kabla ya kupimwa. Mahitaji ya nyumba, kwa hiyo, hayana ubishi. Kinachobishaniwa ni kama fedha ya umma iliyotengwa kuchochea uchumi ipite mikononi mwa kampuni binafsi za majengo, au ipitie kwingine.

Hapa ninalinganisha njia nne: kumpa fedha mwendelezaji binafsi, kulipatia fedha shirika la umma lijenge, kupima ardhi na kuweka miundombinu, na kumwezesha mnunuzi. Diwani, mbunge au mwananchi anayetaka kutoa maoni yake kabla bajeti haijapita anaweza kuzipima kwa maswali matatu. Fedha itafika mtaani haraka kiasi gani? Nani hasa atakabidhiwa funguo za nyumba? Na mradi ukikwama, hasara itabaki kwa nani? Swali la tatu nimelipa uzito kuliko mengine, kwa sababu jiji hili lina ushahidi wake unaoonekana kwa macho.

Tumeshachochea uchumi mara mbili

Tanzania si mgeni wa fedha za aina hii. Mwaka 2009, msukosuko wa fedha duniani ulipoangusha bei za mazao, Serikali ilitangaza mpango wa kunusuru uchumi wa shilingi trilioni 1.7, na sehemu yake ikaenda kufidia hasara za wanunuzi wa pamba na kahawa na kudhamini mikopo yao. Mwaka 2021 ulikuja mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa dola milioni 567.25, sawa na takriban shilingi trilioni 1.3, ambao wananchi waliufahamu kama fedha za UVIKO-19. Huo ulijenga, pamoja na mambo mengine, madarasa 15,000, mengi yakisimamiwa na kamati za shule na mafundi wa hapo hapo badala ya wakandarasi wakubwa.

Tofauti ya mipango hii miwili ni somo tosha. Ule wa 2009 uliziba hasara ndani ya vitabu vya kampuni binafsi, mahali ambapo mwananchi wa kawaida hawezi kuchungulia. Ule wa 2021 uliacha majengo ambayo mzazi yeyote wa Mbagala au Chanika anaweza kuyahesabu akiwa amesimama getini. Sisemi kwamba fedha ya kwanza ilipotea. Ninasema kwamba ya pili ilikuwa rahisi kuikagua, na urahisi huo una thamani yake katika nchi ambayo wakaguzi ni wachache kuliko miradi.

Njia ya kwanza: mwendelezaji binafsi

Fedha humfikia mwendelezaji kwa sura nyingi: ruzuku ya moja kwa moja, mkopo wenye riba nafuu, dhamana ya Serikali kwa benki, msamaha wa kodi, au ubia ambao upande wa umma unaleta fedha taslimu na upande wa pili unaleta ardhi au utaalamu. Kwa swali la kasi, njia hii ina alama nzuri. Mwendelezaji aliyekwisha pata kibali na michoro, ambaye amesimamisha kazi kwa sababu wanunuzi wamekauka, anaweza kurudisha mafundi kazini ndani ya wiki chache, jambo ambalo taasisi ya umma inayopaswa kwanza kutangaza zabuni haiwezi kulifanya kwa urahisi.

Shida huanza kwenye swali la pili. Kwa miaka mingi kampuni binafsi zimeelekeza nguvu Masaki, Oysterbay, Upanga na Mikocheni, kwenye ghorofa ambazo bei na kodi zake zilikuwa zimezoeleka kutajwa kwa dola. Hilo si kosa la kimaadili. Mfanyabiashara hufuata faida, na ardhi ya katikati ya jiji haina bei ya kujengea nyumba ya mwalimu wa shule ya msingi. Lakini likitokea soko la nyumba hizo limedorora, fedha ya umma itakayoingia pale itakuwa inaokoa bei ya nyumba ambazo walipakodi wenyewe hawawezi kuzikaribia. Tena kuna ubaya mwingine usiosemwa sana: bei iliyopaswa kushuka inazuiwa isishuke, na yule mpangaji aliyekuwa akisubiri nafuu anakuwa amechangia, kwa kodi anayoilipa Serikali, kuifukuza nafuu hiyo.

Swali la tatu ndilo zito zaidi. Anayetaka kuona jibu lake na avuke kwenda Kigamboni, atazame mradi wa Dege, uliobuniwa kwa ubia kati ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, na mbia binafsi, ukiwa na lengo la nyumba zaidi ya 7,000. Kazi ilisimama mwaka 2016, na safu kwa safu za maghorofa zikabaki mapagale, zege tupu lisilo na madirisha wala milango. Fedha iliyoingia pale haikuwa ya kuchochea uchumi. Ilikuwa michango ya wafanyakazi. Hata hivyo muundo wake ndio unaotuhusu. Upande wa umma ulileta fedha, yaani kitu kisicho na mjadala kuhusu thamani yake, na upande wa pili ulihesabiwa ardhi kama mchango, yaani kitu ambacho thamani yake hutegemea nani ameandika tathmini. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilihoji namna ardhi hiyo ilivyothaminiwa. Katika ubia wa namna hii, siku mradi unaposimama, mwenye ardhi bado ana ardhi. Aliyetoa fedha ana nondo zilizoshika kutu.

Ipo pia hasara isiyopimwa kwa shilingi. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, ghorofa lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi kwa ubia wa Shirika la Nyumba la Taifa, NHC, na mbia binafsi liliporomoka na kuua watu 36. Jina la taasisi ya umma kwenye bango la mradi halikutosha kuhakikisha kwamba zege lilikuwa na ubora uliotakiwa. Anayedai kwamba fedha ya umma huja na usimamizi wa umma aanze kwa kueleza tukio hilo.

Wenzetu waliowapa fedha waendelezaji na kupata matokeo ya kueleweka walifanya hivyo kwa masharti makali. Marekani, katika sheria yake ya kuchochea uchumi ya mwaka 2009, ilitenga dola bilioni 2.25 kwa miradi ya nyumba za kupangisha watu wa kipato cha chini, ambayo ilikuwa tayari imepangiwa nafuu ya kodi lakini ikakwama kwa kukimbiwa na wawekezaji. Fedha ilipaswa kutumika yote ndani ya miaka mitatu, na nyumba kubaki na kodi nafuu ya pango kwa miaka isiyopungua 15. Waliopata walikuwa waendelezaji binafsi, lakini si kila mwendelezaji, wala si kila jengo. Ireland ilikwenda njia tofauti: benki zake zilipozama katika mikopo ya majengo, Serikali iliunda wakala uliolipa euro bilioni 31.8 kununua mikopo iliyokuwa na thamani ya kitabuni ya euro bilioni 74. Serikali haikulipa bei ya ndoto za wakopaji. Huku kwetu mjadala mara nyingi hurukia kiasi cha fedha kabla ya kufika kwenye punguzo la namna hiyo.

Njia ya pili: mashirika ya umma

NHC ilianzishwa mwaka 1962, na pamoja na Wakala wa Majengo Tanzania, TBA, na Watumishi Housing, ndiyo mikono ambayo Serikali inayo tayari. Kwa swali la kasi, mikono hii ni mizito. Miradi ya NHC ya Morocco Square na Kawe nayo ilisimama kwa miaka kadhaa, shirika likiwa limefikia kikomo cha kukopa, kabla ya kufufuliwa. Kwa hiyo atakayesema kwamba umma haujengi mapagale hajapita barabara ya Ali Hassan Mwinyi katika miaka ile. Tofauti ni kwamba Morocco Square iliposimama, ardhi, jengo na deni vyote vilikuwa chini ya paa moja, na uamuzi wa kumalizia haukuhitaji kesi na mbia.

Mfano wenye manufaa zaidi ni Magomeni Kota. Kaya 644 zilizokuwa zimeondolewa kwenye nyumba za zamani zilijengewa maghorofa na TBA, yakazinduliwa Machi 2022, na wakazi wakapewa fursa ya kuwa wapangaji wanunuzi, yaani wanaopanga huku wakilipia nyumba hadi iwe yao. Bei waliyowekewa ilikuwa takriban shilingi milioni 48 kwa nyumba ya chumba kimoja na milioni 56 kwa ya vyumba viwili, na bei hiyo haikuhusisha gharama ya ardhi wala miundombinu. Msomaji aishike hesabu hiyo. Jengo peke yake, lililojengwa na wakala wa Serikali asiyetafuta faida, bila kiwanja, bila barabara, bila mfumo wa maji taka, lilifika karibu milioni 50 kwa chumba kimoja cha kulala.

Tuiweke kando ya hatua nyingine. Mwaka 2023 ulitolewa msamaha wa Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo ni asilimia 18, kwa nyumba zinazouzwa na waendelezaji kwa thamani isiyozidi shilingi milioni 50. Ninaiona kuwa nafuu iliyotungwa vizuri, kwa sababu haimpi mtu fedha mkononi na imefungwa kwenye bei ya nyumba, wala haitazami ukubwa wa kampuni. Lakini hesabu ya Magomeni inatuonyesha kwamba mwendelezaji aliyenunua kiwanja kwa bei ya soko, akachimba kisima, akavuta nguzo za umeme na kumwaga kifusi cha barabara kwa gharama yake, hawezi kuuza nyumba ya maana ya familia kwa milioni 50 akabaki na kitu. Kinachomkwamisha hakiko kwenye tofali.

Njia ya tatu: ardhi iliyopimwa na miundombinu

Mwaka 2002 Serikali ilianza mradi wa viwanja 20,000 Dar es Salaam kwa mkopo wa Hazina wa shilingi bilioni 8.9 usio na riba. Ardhi ilitwaliwa kwa fidia, ikapimwa na kuuzwa, katika maeneo kama Kibada, Gezaulole, Toangoma, Buyuni, Mwanagati, Mivumoni, Mbweni na Bunju. Viwanja vilivyopatikana hatimaye vilipita 40,000, na mkopo ulirudishwa kutokana na mauzo. Sijui mradi mwingine wa makazi katika jiji hili ambao fedha ya Hazina ilitoka, ikazunguka, ikarudi.

Haukuwa mradi safi, na anayeichagua njia hii leo asirudie makosa yake. Wenye uwezo walinunua viwanja zaidi ya kimoja na kuviacha vikiota nyasi wakisubiri bei ipande. Barabara, maji na umeme vilichelewa mno, kiasi kwamba waliotangulia kujenga Buyuni walikuwa na hati nzuri na kisima cha jirani. Baadhi ya wakulima waliolipwa fidia walisogea mbele kidogo na kuanzisha makazi mengine yasiyopimwa. Kila moja ya kasoro hizo ina dawa inayojulikana: kiwanja kimoja kwa mtu mmoja, muda wa kuanza ujenzi unaofuatiliwa kweli, na fungu la miundombinu linalotoka pamoja na fungu la upimaji badala ya kuahidiwa baadaye.

Upande wa miundombinu tuna uzoefu wa karibu zaidi. Mradi wa Uendelezaji wa Jiji la Dar es Salaam, DMDP, uliopata mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 300 mwaka 2015, ulipeleka lami, mifereji na taa kwenye mitaa ya Temeke, Kinondoni na Ilala ambayo watu walikuwa wameshajenga bila mpango. Baada ya lami kupita, wenye nyumba wenyewe, bila ruzuku ya mtu, wakaanza kubomoa vyumba vya uani na kupandisha ghorofa moja au mbili, na fremu za maduka zikachomoza mbele. Huo ni uchocheaji wa uchumi unaoajiri mafundi wale wale ambao mwendelezaji mkubwa angewaajiri, ila mwekezaji ni mama mwenye nyumba ya vyumba sita vya kupangisha. Sehemu kubwa ya jiji hili imejengwa na watu kama yeye, na ajabu ni kwamba kwenye mijadala ya kuokoa sekta ya milki huwa hahesabiwi kuwa mwendelezaji.

Kwa kasi, upimaji na barabara haviko nyuma sana, hasa pale ambapo michoro ipo tayari. Na zikikwama? Barabara iliyoishia nusu inapitika nusu, na kiwanja kilichopimwa hakirudi kuwa pori kwenye ramani. Hasara yake huwa haba kuliko ya pagale.

Njia ya nne: mnunuzi

Njia hii inavutia kwa kuisikia, na nitaipitia kwa hesabu moja. Mtumishi wa umma wa kima cha chini, baada ya nyongeza ya Julai 2025, analipwa shilingi 500,000 kwa mwezi. Nyumba ya shilingi milioni 60, kwa mkopo wa miaka 15 wenye riba ya asilimia 15, inamtaka alipe karibu shilingi 840,000 kila mwezi. Serikali ikimbebea riba hadi ishuke kufikia asilimia 8, marejesho yanakuwa takriban 573,000, na bado mshahara wote hautoshi. Nyumba ikiwa ya milioni 30, kwa riba hiyo ya asilimia 8, marejesho yanashuka hadi karibu 287,000, ambayo yanaingia ndani ya utaratibu wa kumwachia mtumishi theluthi moja ya mshahara. Kushusha riba bila kushusha bei ya nyumba, kwa maneno mengine, humsaidia aliyekaribia kusaidika.

Kampuni ya kuzikopesha benki fedha za muda mrefu za mikopo ya nyumba, TMRC, imekuwapo tangu mwaka 2010, na mikopo hiyo bado haijafikia asilimia 1 ya pato la taifa. Muuza samaki wa Feri na fundi cherehani wa Kariakoo hawana hati ya mshahara ya kupeleka benki, kwa hiyo fedha ya kuchochea uchumi ikipitia mlango huu itawaruka. Njia ya nne ni nzuri kama nyongeza, si kama nguzo.

Uchaguzi wangu

Ningekuwa na shilingi kumi za kugawa, sita ningezipeleka kwenye ardhi na miundombinu, mbili kwenye kumalizia majengo ya mashirika ya umma yaliyokwisha simama, na mbili zilizobaki ningezitumia kununua nyumba kutoka kwa waendelezaji binafsi. Nimesema kununua, wala si kuwapa. Kenya imechagua kuwakata wafanyakazi tozo ya asilimia 1.5 ili kugharimia ujenzi wa nyumba za bei nafuu, na wajenzi binafsi wanapata kazi humo. Ila fedha ile imekatwa kwa jina la nyumba na inadaiwa nyumba, jambo ambalo linampa mwananchi wa huko mahali pa kushikia.

Kwa halmashauri au wizara ambayo, baada ya kulinganisha yote haya, bado itaona vyema kuwapa waendelezaji fedha ya umma, mkataba uwe na mambo haya. Ardhi ya mbia ithaminiwe na mthamini aliyeteuliwa na upande wa umma, na hati iwe imewekwa rehani kabla shilingi ya kwanza haijatoka. Malipo yafuate hatua iliyopimwa kwenye eneo la kazi na mhandisi ambaye halipwi na mwendelezaji. Bei ya kuuzia iandikwe kwa shilingi, na ukomo wake ujulikane tangu siku ya kutia saini. Wanunuzi wapewe hatimiliki za sehemu ya jengo kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2008, ili mtu asilipe miaka kumi na kubaki na risiti. Mradi ukisimama kwa miezi sita bila sababu iliyokubaliwa, ardhi na kilichojengwa juu yake vihamie kwa halmashauri bila kulazimika kwanza kwenda mahakamani.

Mwendelezaji atakayeona masharti hayo ni mazito hajafungiwa milango. Benki za biashara zipo, na Soko la Hisa la Dar es Salaam linapokea hatifungani za kampuni. Huko atakutana na watu wanaokopesha fedha zao wenyewe, na ninashuku kwamba masharti watakayompa hayatakuwa mepesi zaidi.